Maji ya kisima: jicho linasema safi, lakini karatasi ya labo iko wapi?

Tarehe 4 Novemba 2025 watu wa Kasapa, Kamatete na Kamisepe, mu komini Annexe hapa Lubumbashi, waliona maji yanaingia mu barabara na kufika mpaka kwenye manyumba. Yalitoka mu basini ya kampuni Congo Dongfang Mining, ile tunaita CDM, kisha ukuta wa basini kuachia. Siku chache nyuma yake waziri wa migodi, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi ya kampuni kwa miezi mitatu. Mwaka ule ule, tarehe 18 Februari, wandugu zetu wa Zambia walikuwa wamekwisha kupata yao: basini ya Sino-Metals ilibomoka kule Chambishi, maji ya asidi yakaingia mu mto Mwambashi mpaka mu Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Mambo ya namna hii haiombi mwalimu. Maji inakuja na nguvu, unaiona, unashika mtoto mkono, unakimbia.

Hapa nataka kusema juu ya maji ingine. Hii haibomoe ukuta, haitoke mu habari ya jioni, na hakuna waziri wa kuifunga. Ni maji ya kisima cha kijijini, kile mama zetu wanachota kila asubuhi, na kile watoto wetu wanakunywa tukiwapeleka kwa babu wakati wa likizo. Sisi watu wa migodi wengi tuko na mguu mmoja kiwandani na mguu mwingine kijijini. Wengine tumejenga kule kabisa, juu kiwanja mu mji kimekuwa ghali, na kijiji chenyewe kimeguswa na ukuta wa kampuni.

Chukua barabara ya Kasenga, ama ya Kasumbalesa, ama ingia mu chefferie ya Kaponda. Ukifika kwenye kisima, uliza tu kama maji iko muzuri. Majibu yanafanana karibu pahali pote. La kwanza: angalia mwenyewe, inangaa. Maji yenye kungaa ni safi, yenye matope ni chafu, mambo imekwisha. La pili linatoka kwenye ulimi: iko baridi, iko tamu, haina chumvi, bukari inaiva nayo muzuri. La tatu linatoka kwa wazee: babu alikunywa, baba alikunywa, na sisi tuko hapa. Na kuna la ine, lile watu wanalisema na kicheko: mikrobe haiuake muntu mweusi. Hili nimelisikia hata kwa watu wenye diploma, mu mikutano ya kazi, mbele ya ndoo ya kunawia mikono.

Watu wa mji wanachekaka majibu haya. Mimi naona yanaomba kusikilizwa, juu ndani mwake kuna akili ya kweli. Maji ya matope ni ya kuogopa kweli, sababu mikrobe inapanda juu ya matope kama mtu anapanda lori. Mu vijiji vingi kulikuwa makatazo kwenye chemchemi: usiingize sufuria yenye masizi, usifulie pale, usioge pale, mto uko na mwenyewe. Wenye umri wangu wanakumbuka picha ya mambamuntu kwenye ukuta wa sebule, yule mwanamuke wa maji, nusu samaki. Woga ule ulikuwa unalinda kitu. Pahali watu waliogopa mwenye maji, hakuna aliyefulia nepi pale.

Na mama wa kijijini anapima kweli. Akiweka maji ya kisima mu chai na chai inageuka nyeusi kama wino, anajua kuna kitu: ni chuma, kinashikana na majani ya chai. Sabuni ikikataa kutoa povu, anajua maji ni magumu, yana chokaa. Nguo nyeupe ikitoka na madoa ya bluu-majani, ao maji ikiuma ulimi kama sarafu, anaacha kuchota pale. Hiyo yote ni kupima, na yeye hana chombo kingine.

Shida ni kwamba vipimo vyake vinashika sana vitu visivyoua, na vinaacha kupita vile vinavyoua. Chokaa ile inabaki mu birika na kuogopesha watu inatoka mu mawe yetu wenyewe. Chini ya Lubumbashi na Kipushi kuna mawe ya chokaa yanayoitwa Kakontwe, na maji mengi ya visima virefu yanatoka mule. Chokaa ile haimuue mtu. Chuma vilevile: maji inatoka kwenye pompi safi kabisa, unaiweka mu bidoni, kesho asubuhi imekuwa nyekundu. Watu wanasema imeharibika, wengine wanasema ni damu. Ni chuma kilichokutana na hewa, kama vile shoka inashika kutu. Inaharibu nguo na inaharibu ladha, lakini si sumu ya kukimbia. Na bado, kwa ajili ya rangi ile, kuna pompi zimeachwa na watu wakarudia shimo la zamani, lenye maji ya kungaa, lililo hatua kumi toka choo cha jirani.

Pale njo hatari yenyewe. Mikrobe ya kolera haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwanzoni mwa 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi, ikarudi tena hapa 2013, bila kuhesabu kule Moero na maziwa ya Upemba ambako haitokake kabisa. Kisima kifupi kinaipata namna gani? Mvua ya Novemba inaanza, maji ya chini inapanda, inakuta shimo la choo, inatembea nayo mpaka kwenye kisima. Kamba ya ndoo inalala chini pahali mbuzi wamepita, kisha inarudishwa mu maji. Mtoto anaweka mkono. Kisima hakina mufuniko, hakina mdomo wa saruji, maji ya mvua inaingia kama inaingia nyumbani kwake. Wale wa Kipushi hawana haja ya kuelezwa namna maji inatembea chini ya udongo. Mu 2011, pampu za chini zilipokufa, mgodi ulijaa maji na watu wakatoka. Mawe ya Kakontwe yana nyufa, na mu nyufa maji haichujwe kama mu mchanga. Inapita mbio, na kila kitu ilichobeba.

Sasa metali. Hapa sisi watu wa viwanda hatuna sababu ya kudanganyika, juu tunajua kitu ambacho mama wa kijijini hakukionaka: asidi ikichanganywa na maji, weka mu glasi, inaonekana kama maji ya kunywa. Hakuna mfanyakazi wa lixiviation anayeamini glasi kwa kuiangalia. Tunachukua echantioni, tunapeleka labo, tunangoja namba. Kwa nini basi, tukivua salopeti na kurudi nyumbani, tunaamini macho?

Angalia namba za OMS, shirika la afya la dunia. Kwa shaba mu maji ya kunywa wanaruhusu mpaka miligramu 2 kwa lita. Kwa risasi, ile plomb, wanaruhusu miligramu 0.01 tu. Ni kusema kipimo cha risasi ni kidogo mara 200 kuliko cha shaba. Kadmiamu ni ndogo zaidi: 0.003. Shaba ikizidi sana ulimi unaisikia, mdomo unakunjamana. Risasi na kadmiamu ulimi hauzisikie kabisa. Arsenike hivyo hivyo. Na kobalti, ile inalisha mji wetu na inayotajwa mu dunia yote, OMS haijaiwekea namba yoyote mu maji ya kunywa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji ina kobalti lakini iko mu norme, muulize ni norme ya nani.

Kuna wenye kusema haya yote ni maneno ya kutafutia kampuni mashitaka. Wasome. Mu 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa wale waliokaa chini ya kilometa 3 toka mgodi ao kiwanda, kobalti ilikuwa juu kiasi ambacho hakijaandikwaka mahali popote pa dunia kwa watu wa kawaida. Zaidi ya nusu yao walipita kipimo kile kinachowekwa kwa mfanyakazi aliye ndani ya kiwanda, na watoto walipita zaidi kuliko wakubwa. Mtoto hana badji, hana mshahara, hana mask, na mwili wake unabeba kobalti kama ya mtu wa kiwanda.

Iliingia kwa njia gani? Watafiti walirudi kutafuta, na mu 2014 walionyesha kwamba mboga na nafaka zinabeba sehemu kubwa kwa wakubwa, vumbi linabeba sehemu kubwa kwa watoto, na pahali pengine maji na samaki. Nasema hivi juu sipendi watu wapewe nusu ya ukweli. Maji si mlango mmoja tu. Lakini lengalenga ile tunakula inanyweshwa na nini? Na matembele yanayolimwa mu bonde chini ya kiwanda?

Pia si kila metali iliyo mu maji ililetwa na kampuni. Wazee wa Basanga na Balamba walitambua mlima wa mukuba kwa majani: pale miti inakataa kuota na kale kaua ka shaba kanajaa, njo pale wanachimba. Wataalamu wanakaita Haumaniastrum katangense. Udongo wetu ulikuwa na shaba mbele ya Union Minière kuzaliwa mu 1906, na kuna maji ambayo ilikuwa na shaba mbele yetu sote. Ndiyo sababu namba ya kwanza, ile ya mbele ya kuanza kuchimba, ina bei kuliko zote. Bila namba ile kampuni itasema ni udongo wenu, kijiji kitasema ni asidi yenu, na hakuna hakimu atawatenganisha.

Kabla ya kufika kwa kampuni, kuna mambo ya nyumbani kwetu, na haya yanatuhusu sisi kuliko wengine.

La kwanza ni salopeti. Mu vijiji vya karibu na migodi, salopeti ya kazi inafuliwa pembeni ya kisima, juu maji iko pale na kubeba bidoni ni uchovu. Vumbi la mawe linatoka mu nguo, linaingia mu udongo, na mvua inalirudisha ndani ya kisima. Mu 2020 gazeti la waganga The Lancet Planetary Health liliandika utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi: watoto 138 waliozaliwa na vilema, wakilinganishwa na 108 waliozaliwa bila kilema. Kitu kilichoonekana kwa nguvu kuliko vyote ni kazi ya baba mu mambo ya migodi. Utafiti haukusema ni maji, na haukusema ni salopeti. Lakini baba anafikisha kitu fulani nyumbani. Kampuni nyingine zina mashine ya kufulia nguo za kazi pale pale kiwandani, na kwa maoni yangu hiyo ni dai la kuweka mbele ya dai la kofia mpya. Mpaka siku ile, salopeti ifuliwe mbali na kisima, upande wa chini, na maji yake yamwagwe mu shimo, isiwe mu njia ya maji.

La pili ni mapipa. Yale mapipa ya bluu mazuri, yenye mufuniko, yanayouzwa sokoni, kuna ambayo yalibeba dawa za kiwanda. Mama anayaosha na Omo mara tatu, anaweka maji ya kunywa. Plastiki inanywa dawa na inairudisha polepole. Kama hujui pipa ilibeba nini, weka mule mahindi ya mbegu ao majivu, usiweke maji. Na wale wafanyakazi wenye kuyatoa kiwandani na kuyauza wanajua vizuri ilikuwa nini ndani.

La tatu ni bakrezeri, wachimbaji wa mkono. Mawe yanaoshwa mu mto, juu mnunuzi analipa zaidi jiwe lililo safi. Upande wa chini wa mto ule ule kuna watu wanachota. Sitawalaumu wenye kutafuta bukari ya watoto, lakini shimo la kuoshea mawe linaweza kuchimbwa pembeni, mbali na mto, na maji ikarudiliwa mara nyingi. Kuna makundi yanafanya hivyo tayari, juu maji yenyewe ilikuwa inawapungukia wakati wa kiangazi.

Tuje sasa kwa kuchemsha. Mganga wa zoni ya afya anasema chemsha, na ana haki: kuchemsha kunaua mikrobe. Ila mama anahesabu makala. Makala ya kuchemshia maji ya watu wanane kila siku ni franka, ao ni kutembea mpaka msitu ambao kila mwaka unaenda mbali zaidi. Na maji iliyochemshwa haina ladha, watoto wanaikataa. Kumbe ukiimimina toka chombo kimoja mpaka kingine mara kadhaa hewa inarudi ndani na ladha inarudi. Dawa ya klori, kama Aquatabs, inafanya kazi ile ile bila makala, ila harufu yake imezaa maneno mengi. Nimesikia watu wakisema inazuia kuzaa. Si kweli. Maji ya robine ya REGIDESO inawekwaka klori, na Lubumbashi hatujaacha kuzaa. Nani hana kitu kabisa, achukue chupa ya plastiki isiyo na rangi, ajaze maji iliyo safi kwa macho, ailaze kwenye jua kali saa sita, siku mbili kama kuna mawingu. Hiyo pia inaua mikrobe.

Lakini shika hili: kuchemsha hakutoe metali. Maji inapungua mu sufuria na metali inabaki, kwa hiyo inakuwa nyingi zaidi kwa kila glasi. Klori haitoe metali. Jua halitoe metali. Mtu akikuambia maji ya karibu na kiwanda ichemshwe tu, anachanganya magonjwa mawili. Kwa mikrobe dawa iko mikononi mwa mama. Kwa metali dawa ni kutafuta maji ingine, na hiyo si kazi ya mama peke yake.

Hapo njo watu wanasema: kampuni ituchimbie foraji. Ndiyo. Lakini nimechoka na picha za kukata utepe. Pompi inafunguliwa na shangwe, shefu anakunywa glasi ya kwanza mbele ya kamera, na kisha miaka miwili vipande vya ngozi vya ndani vimelika, mabomba yameshika kutu, kipande cha kununua kiko Lubumbashi na hakuna aliyeachiwa sanduku la franka. Watu wanarudia shimo. Kisha mji unasema watu wa kijijini hawapendi maendeleo. Wanapenda. Wameona pompi nne zimekufa, shimo la babu halijakufa hata siku moja. Kuamini shimo, mu hali ile, ni hesabu.

Na tena, foraji kuwa ndefu haimaanishi iko safi. Kwa mikrobe, ndiyo, mara nyingi inakuwa bora kuliko shimo fupi. Kwa metali inategemea mawe ya chini na nini kiko upande wa juu. Foraji isiyopimwa ni kisima kirefu chenye bei. Programu ya serikali na UNICEF ya Vijiji na Mashule Safi, ile ya Village assaini, ilielewa kitu kimoja kizuri: ili kijiji kipate cheti, watu 80 kwa mia wapate maji ya kunywa, na tena 70 kwa mia waelewe namna magonjwa ya maji inatoka choo mpaka mdomo. Walihesabu pompi na walihesabu kuelewa. Kampuni zetu bado zinahesabu pompi peke yake.

Sheria inasema nini? Kodi ya migodi ya 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha kampuni kufanya masomo ya mazingira na ya maisha ya watu mbele ya kuanza kuchimba, na mule lazima iandike hali ya maji namna ilivyokuta. Inalazimisha pia cahier des charges na vijiji, yaani kitabu cha ahadi chenye tarehe na franka, na sehemu isiyo chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo ya kampuni iende kwa maendeleo ya wenyeji. Na kuna kifungu ambacho watu wengi hawajakisikia: mwenye haki ya kuchimba anajibu kwa hasara anayoletea watu na mazingira hata kama hakuna kosa wala uzembe. Kijiji hakiitishwe kuonyesha kwamba mtu fulani alilala usingizi kazini. Kinaitishwa kuonyesha hasara, na kwamba imetoka kule.

Na utaionyesha na nini, kama hauna namba?

Namba ziko. Hili tunalijua sisi, juu ni sisi tunazibeba. Karibu na basini za reje kuna visima vidogo vya kupimia, piezometre. Mfanyakazi anapita na chupa zake, anachota, anaandika, labo inapima, karatasi inapanda ofisini. Kutoka ofisini inaenda kwa wakubwa wa mazingira, kwa Kifaransa, na pengine kwa Kiingereza ao Kichina. Kijiji kilicho mita mia tano toka piezometre ile hakijaionaka karatasi hata siku moja. Watu wa pale wanabaki na macho na ulimi, kisha tunawaambia hawana akili.

Mu mikutano ya cahier des charges wenyeji wanaomba shule, pompi, barabara, na kwa machefu gari. Sijaona wengi wanaoomba mstari huu: maji ya kila kisima cha kijiji ipimwe mara mbili kwa mwaka, mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja katikati ya mvua, na namba zisomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, na karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa shule. Bei yake ni ndogo kuliko ya utepe na soda za siku ya kufungua pompi. Ongeza mstari wa pili: sanduku la kurekebisha pompi, na vijana wawili wa kijiji wafundishwe kuifungua. Delege wa sendika anaweza kusukuma mistari hii toka ndani. Komite ya usalama na usafi ya kazi inasimama kwenye geti, ndiyo, lakini mfanyakazi anayelala kijijini na kunywa kule ni mfanyakazi yule yule. Maji anayokunywa usiku ni jambo la kazi.

Kwa kijiji chenye kutaka kupima chenyewe bila kungoja kampuni: Lubumbashi kuna labo ya OCC, kuna labo za UNILU. Ulizeni bei kwanza, na mseme mapema mnatafuta nini, juu kupima mikrobe na kupima metali ni kazi mbili. Kwa metali, chupa itoke labo, iwe mpya, na labo ndiyo inaweka kitone cha asidi ndani ili metali isishikane na plastiki. Chupa ya Coca haifai. Andikeni juu yake jina la kisima, siku na saa, na kama mvua ilinyesha jana. Chukueni pia chupa ya pili toka kisima kilicho upande wa juu, mbali na kiwanda, ili kuwe na kitu cha kulinganisha. Mtu wa zoni ya afya awepo, na shefu awepo, na kama inawezekana mtu wa kampuni aitwe kwa barua awepo, ili kesho hakuna wa kusema chupa ilichezewa. Mambo ya chupa yanapotezaka kesi kuliko mambo ya maji.

Kwa mikrobe ni taabu zaidi. Chupa lazima iwe imechemshwa na labo, ijazwe bila kugusa mdomo wake, iwekwe mu barafu na ifike siku ile ile. Toka Kaponda inawezekana. Toka mbali, upande wa Kasenga, wakati wa mvua, na barabara tunazozijua, chupa itafika kesho kutwa na haitasema kitu cha kweli. Kwa vijiji vile ni lazima sanduku la kupimia liende lenyewe, lile dogo la kubebwa kwenye moto, na liko mu mikono ya mashirika na zoni kadhaa za afya. Ombi la kulileta linaandikwa kwa mganga mkubwa wa zoni, na saini ya shefu na ya komite ya maji. Mvua ya kwanza ya Novemba ndiyo inasukuma choo ndani ya kisima, kwa hiyo barua nzuri ni ile inayotoka kijijini mwezi wa tisa.